Betri Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Haibridi Lililokula Mafuta Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo ya usambazaji yenye ghala Industrial Area, Nairobi, ambayo hupeleka bidhaa nyepesi kwa maduka ya jijini na viungani. Jina la kampuni, aina ya bidhaa, tarehe na kila jambo linaloweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Wahusika ni watatu: meneja, ambaye ndiye anayeidhinisha risiti za mafuta, dereva wa makamo ambaye nitamwita Mzee, kwa kuwa ndivyo wenzake wote walivyomwita, na dereva wa pili, mdogo kwake kwa miaka mingi, ambaye nitamwita Kijana.

Kampuni ilikuwa imenunua Toyota Aqua mbili zilizotumika Japani, magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ya mwaka uleule na injini ya aina ileile. Ununuzi huo ulifanywa kwa sababu ambayo kila mwenye gari Nairobi anaikumbuka: mnamo Oktoba 2023 bei ya juu inayoruhusiwa ya petroli jijini, kama inavyotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, tarehe 14 ya kila mwezi, ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Meneja alikuwa amesoma kwamba Aqua ilipozinduliwa Japani, Desemba 2011, ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita. Hakuambiwa kwamba kipimo hicho cha Kijapani, kilichoitwa JC08, kilifanyiwa maabara gari likizungusha magurudumu juu ya roli, bila mlima, bila matuta na bila matatu inayosimama ghafla katikati ya barabara kubeba abiria.

Hata hivyo tofauti kati ya Japani na Nairobi haikuwa ndiyo iliyomsumbua. Kilichomsumbua ni tofauti ya magari yake mawili. Gari la Kijana, ambaye alizunguka upande wa Jogoo Road, Outer Ring na Thika Road, lilikuwa likienda takriban kilomita 20 kwa lita. Gari la Mzee, ambaye mzunguko wake ulipita Westlands na Kangemi hadi Limuru na kurudi, halikuvuka 15.

Mambo yalivyotokea

Meneja alimwita Mzee ofisini na kumuuliza waziwazi: “Mzee, mafuta inaenda wapi?” Jibu lilikuwa la unyenyekevu lakini halikuyumba: “Madam, hii gari iko na shida. Betri imechoka.” Gereji iliyokuwa ikilihudumia gari ilikubaliana naye bila kupima chochote, ikatoa bei ya betri nyingine ya haibridi. Kwa upande mwingine, baadhi ya wafanyakazi walianza kunong’ona kwamba mafuta yananyonywa. Nalitaja hili kwa sababu lilikuwa na uzito wake: mtu aliyeendesha magari ya watu kwa miongo kadhaa bila doa alikuwa anakaribia kupoteza jina lake kwa hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya. Ni katika hatua hiyo nilipoombwa kutoa maoni kabla betri haijalipiwa.

Jambo la kwanza nililofanya ni kupanda gari na kukaa kimya. Tuliondoka asubuhi, saa ambayo Uhuru Highway imejaa. Mzee aliondoa gari langoni kwa utaratibu mno, kidole gumba cha mguu kikigusa pedali ya mafuta kama anayeogopa kuiamsha, na macho yake hayakutoka kwenye taa ndogo ya kijani iliyoandikwa EV, inayoonyesha kwamba gari linakwenda kwa umeme pekee. Kila injini ilipojaribu kuwaka, aliinua mguu ili izime. Magari ya nyuma yalipiga honi. Alinieleza, kwa uangalifu wa mtu anayeheshimu mali ya mwajiri wake, kwamba akitumia stima hachomi mafuta.

Tulipofika raundabauti ya Nyayo magari yalisimama kabisa. Mzee aliingiza gia ya N, yaani gia huru, akavuta breki ya mkono, na AC ikaendelea kupuliza. Nikatazama mchoro wa betri kwenye dashibodi: ulikuwa umebaki na miraba miwili. Gari lilipotoka hapo na kuanza kupanda kutoka Museum Hill kuelekea Westlands, injini ilinguruma kwa nguvu na kuendelea hivyo, kwa sababu ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kulipandisha gari, na kuirudishia betri kile kilichotumika tangu asubuhi. Wakati wa kurudi, alitoka Limuru hadi mjini kwenye gia ya B, hata sehemu zilizo tambarare, kwa imani kwamba B huchaji betri zaidi.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimejazwa katoni hadi dirishani. Katoni ya chini kabisa ilikuwa imeegemea kabisa matundu yaliyo kando ya kiti hicho, ambayo ndiyo mlango wa hewa ya kupoza betri. Nilipoisogeza na kupitisha kidole kwenye matundu, kilitoka na vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za nguo kama blanketi.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua betri. Betri ya haibridi huweza kuchoka kweli, hasa katika magari yaliyotumika miaka mingi, lakini gari hili halikuwa limewasha taa yoyote ya onyo, na tabia ya betri niliyoiona barabarani ilielezeka kwa uendeshaji pekee. Kuibadilisha kungekuwa kumtibu mgonjwa kabla ya kumpima.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupima kwa tangi badala ya kutegemea namba ya dashibodi. Kila dereva alijaza tangi kituo kilekile, pampu ilipojifunga yenyewe kwa mara ya kwanza mhudumu hakuongeza hata tone, na kilomita ziliandikwa nyuma ya risiti. Namba ya dashibodi ni makadirio ya kompyuta ya gari, na mara nyingi hupendelea upande wa kumfurahisha dereva. Risiti hizo zilimaliza pia mnong’ono wa wizi: lita zilizoingia zililingana na jinsi Mzee alivyoendesha, safari baada ya safari.

Uamuzi wa tatu ndio uliozua ubishi. Nilipendekeza madereva wabadilishane magari huku kila mmoja akibaki na mzunguko wake, kisha baadaye wabadilishane mizunguko. Meneja alitaka mafunzo yaanze siku hiyohiyo, kwa hoja ya haki kwamba kila siku ya kusubiri ilimgharimu pesa. Nilishikilia msimamo wangu kwa sababu mambo matatu yalikuwa yamechanganyika, yaani gari, barabara na dereva, na endapo tungeyagusa yote kwa pamoja, matumizi yangeweza kushuka na bado tusijue ni lipi lililoyashusha. Siku yangepanda tena, tungerudi kulaumu betri.

Kubadilishana kulitenganisha mambo hayo vizuri kuliko nilivyotarajia. Katika pengo la kilomita 5 kwa lita, takriban moja lilifuata gari: popote lilipokwenda, na yeyote aliyeliendesha, lilikuwa nyuma kidogo. Takriban moja jingine lilifuata barabara ya Limuru. Yaliyobaki, karibu matatu, yalimfuata Mzee.

Upande wa gari ulirekebishwa mara moja na kwa gharama ndogo. Chujio la hewa ya betri lilisafishwa, na mstari wa rangi ukachorwa ndani ya gari kuonyesha mahali ambapo mzigo hauruhusiwi kupita. Upepo wa tairi, ambao ulikuwa ukijazwa kwa kukadiria kwa macho, ulipimwa kwa geji tairi zikiwa baridi. Hapa kuna jambo ambalo huwapotosha wengi: kibandiko kwenye mlango wa dereva wa gari la Japani hutaja shinikizo la upepo kwa kPa, ilhali geji za mitaani husomwa kwa kipimo kingine, psi, na 220 za kPa ni sawa na takriban 32 za psi. Tairi mbili za nyuma zilikuwa chini sana ya kiwango cha kibandiko.

Mafunzo ya Mzee yalifuata, tabia moja kwa wakati, na hayakufanyika darasani. Alifundishwa akiendesha mzunguko wake mwenyewe.

Matokeo

Baada ya tabia kukaa, Mzee alifika kati ya kilomita 18 na 19 kwa lita kwenye mzunguko wa Limuru, ambao ni mgumu kuliko wa Kijana. Gari lake la zamani lililingana na lile jingine. Betri haikununuliwa. Muda wake wa kufikisha mizigo haukuongezeka. Asubuhi ulipungua kidogo, kwa sababu hakuwa tena akijikokota ili injini isiwake.

Safari za alasiri kupitia barabara ya juu ya Nairobi Expressway kuelekea upande wa Mlolongo hazikubadilika karibu hata kidogo. Katika mwendo wa kasi usiokatika, breki haitumiki, mota haina cha kurejesha, na kinachotawala ni upinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa kasi. Pale, dawa pekee ni kupunguza kasi, na ratiba ya wateja haikuruhusu sana.

Uchambuzi: stima iliyonunuliwa kwenye pampu

Kiini cha kisa hiki ni imani moja ya Mzee, ambayo nimeikuta kwa madereva wengi wenye nia njema: kwamba stima ya gari ni ya bure. Aqua haichomekwi popote. Kila chembe ya umeme iliyomo kwenye betri yake ilitoka kwenye petroli, ama moja kwa moja injini ilipozungusha jenereta, ama kwa kupitia mwendo wa gari uliorejeshwa wakati wa kufunga breki, na mwendo huo nao ulilipiwa kwa petroli. Tena kila nishati inapogeuzwa kuwa umeme, ikahifadhiwa na kugeuzwa tena kuwa mwendo, sehemu yake hupotea kama joto. Anayelazimisha gari liende kwa betri kila wakati anajilazimisha kulipa hasara hiyo mara nyingi zaidi.

Vipimo vya betri yenyewe husaidia kuliona jambo hili. Betri ya Aqua ya kizazi kile ni ya volti 144 na ampea-saa 6.5, yaani haifiki kilowati-saa 1 nzima, wakati lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9. Kompyuta ya gari, ili kuilinda betri, hairuhusu itumike hadi mwisho wala ijae hadi juu, huichezesha katikati. Nilipopiga hesabu, niliona kwamba nishati inayoweza kutumika kweli haitoshi kuliinua gari lenye mzigo zaidi ya mita 100 hivi. Kutoka Industrial Area hadi Limuru ni kupanda zaidi ya mita 500. Kwa hiyo aliyeimaliza betri Uhuru Highway alifika mguu wa mlima mikono mitupu, na injini ikalazimika kubeba kila kitu.

Kinyume cha kuogopa injini ni kuitumia pale inapofanya kazi kwa faida. Injini ya Aqua hufuata mzunguko wa Atkinson, ambao hubana zaidi nishati ya mafuta inapobeba mzigo wa wastani, na huwa hafifu inapoungurumia kazi ndogo sana. Mzee alifundishwa kuondoka kwa uthabiti, kipimo cha nguvu kwenye dashibodi kikikaa sehemu ya juu ya eneo la ECO (la kubana mafuta) bila kuingia PWR (la nguvu nyingi), hadi afikie mwendo wa barabara hiyo. Kisha ainue mguu kabisa, injini izime, na aguse pedali kidogo tu ili gari lielee bila kuchaji wala kutumia. Ilimchukua muda kuamini. Kila injini ilipowaka mguu wake ulirudi nyuma wenyewe, na ni pale tu alipoona miraba ya betri ikibaki mitano au sita mwishoni mwa Waiyaki Way ndipo alipotulia.

Kuhusu breki, ipo nusu ya ukweli ambayo huleta hasara. Ni kweli kwamba mota hurejesha nishati gari linapopunguza mwendo, lakini hufanya hivyo kwa kiwango chenye kikomo. Breki ikikanyagwa ghafla, pedi za kawaida huingilia na nishati huishia kuwa joto kwenye magurudumu. Vivyo hivyo karibu na kusimama kabisa. Tuta lililoonekana kutoka mbali na kukaribiwa kwa breki nyepesi ya muda mrefu hulipa. Tuta lililogunduliwa gari likiwa juu yake halilipi chochote. Na kinacholipa kuliko vyote ni kutohitaji breki: kuona taa nyekundu mapema na kuachia mafuta ili ufike ikiwa kijani gari likiwa bado linatembea.

Mzee alipinga hoja hii kwa neno ambalo kila dereva wa Nairobi atalisema: ukiacha nafasi mbele yako, matatu itaingia. Itaingia, ndiyo. Lakini tulipofuatilia pamoja, alikubali kwamba matatu iliyoingia mara nyingi ilitoka tena kwenye steji inayofuata, na kwamba alichopoteza ni mita chache, ilhali aliyemfuata mwenzake kwa karibu hulipia kila breki ya mwenzake. Nafasi ile ndiyo akiba yenyewe, na pia ni usalama.

Gia ya N ilikuwa kosa lililofichika zaidi, kwa kuwa katika magari ya kawaida ni desturi isiyo na madhara makubwa. Katika gari hili, betri haichajiwi ikiwa kwenye N, hata injini ikiwa inanguruma. Kusimama Nyayo kwenye N huku AC, ambayo kompresa yake huendeshwa kwa umeme, ikipuliza, ni kuimwaga betri bila njia ya kuijaza. Mzee sasa hubaki kwenye D mguu ukiwa juu ya breki, au huweka P msongamano ukiwa mrefu. Kuhusu kuteremka na N, jibu ni fupi: gari halirejeshi chochote, na dereva amejinyima sehemu ya udhibiti wake. Aliyepita Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, anajua malori yaliyoachiwa gia mteremkoni yameua watu wangapi.

Gia ya B nayo ina mahali pake. Huzungusha injini ili iwe kizuizi, na kuizungusha hivyo hula nishati ambayo ingeingia kwenye betri. Inafaa kwenye mteremko mrefu na mkali, betri ikiwa imekwisha kujaa na breki zikihitaji kupumzishwa. Kwa sababu betri ni ndogo, hali hiyo hutokea kweli wakati wa kushuka kutoka Limuru, na Mzee hakuwa amekosea kabisa. Alikosea kuendelea na B hadi mjini. Mlima wenyewe unahitaji subira: kwa hesabu yangu, kuupanda hugharimu takriban nusu lita zaidi ya umbali huohuo tambarare, na akiba hupatikana wakati wa kurudi, kwa kuliacha gari lijitembeze bila mafuta kwa kadiri barabara na magari mengine yanavyoruhusu.

Uchambuzi: yaliyoshindwa

Si kila hatua ilifaa. Meneja, kwa furaha ya matokeo ya mwanzo, alianza kuweka kilomita kwa lita za madereva wote wawili kwenye kundi la WhatsApp la kampuni kila Jumatatu. Ndani ya muda mfupi Kijana, ambaye hakuzoea kushindana na mtu wa umri wa baba yake, alianza kuzima AC na kufunga madirisha mchana wa joto, kupita makutano kwa mwendo wa kuelea ili asikanyage breki, na kujikokota Thika Road kwenye njia ya kulia. Namba yake ilipanda. Mteja mmoja alilalamika kwamba mzigo umechelewa, na Kijana mwenyewe alikiri kwamba aliponea chupuchupu kugonga pikipiki Roysambu.

Orodha hiyo iliondolewa. Kulinganisha watu wawili kwenye barabara mbili tofauti hakukuwa na haki tangu mwanzo, kwani tulikuwa tumekwisha kuona kwamba barabara pekee hubadilisha kilomita moja nzima. Sasa kila dereva hulinganishwa na wastani wake mwenyewe kwenye mzunguko uleule, na namba hubaki kati yake na meneja. Marufuku ya AC ambayo meneja aliifikiria haikupitishwa pia: kwa mwendo wa polepole dirisha wazi linatosha, lakini dereva aliyechoka kwa joto huona taa na matuta kwa kuchelewa, na anachopoteza kwenye breki huweza kuzidi alichookoa.

Jambo moja lilibaki wazi. Betri za magari yote mawili zinazeeka, na mbinu za kuendesha hazitazuia hilo. Tulikubaliana kwamba kila gari lipimwe kwa kompyuta ya uchunguzi kwenye kila huduma, tofauti ya volti kati ya vipande vya betri iandikwe, na chujio la hewa lifunguliwe hata kama halijaonyesha dalili, hasa kwa gari linalopita Eastern Bypass kwenye vumbi. Matumizi yakipanda tena kwenye tangi kadhaa mfululizo bila mabadiliko ya dereva wala barabara, hapo betri itakuwa ya kwanza kuulizwa. Mzee ndiye aliyeomba daftari hilo likae ndani ya gari lake, kwenye kisanduku cha mbele, pamoja na risiti.